Makumbusho ya ndege za kivita, Dayton: nilimpeleka baba, askari wa Kagera

Nianze na yale ambayo mtu anataka kuyajua kabla ya kuwasha gari. National Museum of the United States Air Force iko Dayton, Ohio, kwenye eneo la kambi ya Wright-Patterson. Kuingia ni bure na kuegesha gari ni bure. Wanafungua saa 3 asubuhi na kufunga saa 11 jioni, kila siku isipokuwa Thanksgiving, Krismasi na Mwaka Mpya. Sisi tulitoka Columbus kwa barabara kuu ya 70, tukatumia saa moja na robo hivi. Mlangoni mnapita ukaguzi kama wa uwanja wa ndege, kwa hiyo kisu cha kumenyea chungwa kiacheni garini.

Sikwenda kwa sababu napenda ndege. Nilikwenda kwa ajili ya baba.

Baba amekuja kunitembelea kutoka Muleba. Ni mstaafu wa JWTZ, jeshi la Tanzania, alikuwa dereva wa malori, na vita ya Kagera, ile ya Tanzania na Uganda ya Idi Amin, aliipiga yote, kuanzia Kyaka mpaka Kampala. Tangu niko mdogo najua kwamba alipigana. Najua medali yake iko kwenye bahasha ya kaki ndani ya sanduku la chuma, chini ya vyeti vyetu vya ubatizo. Zaidi ya hapo sikuwa najua kitu. Ukimuuliza, anakwambia "tulikwenda, tukarudi," kisha anauliza kama ng'ombe wamenyweshwa maji. Mama alikuwa akituonya tusimsumbue.

Hapa Columbus nafanya kazi kwenye nyumba ya wazee. Mmoja wa wazee ninaowahudumia alikuwa jeshi la anga, na nilipomwambia kwamba baba yangu amekuja na kwamba naye ni askari wa zamani, alinishika mkono akasema mpeleke Dayton, usiache. Alisema hivyo siku tatu mfululizo. Ya nne nikaomba mapumziko ya Jumamosi.

Niseme ukweli, nilikuwa na wasiwasi. Wiki mbili kabla tulikuwa tumekwenda mahali pengine pa kumbukumbu ya vita, sitaji jina, na hatukufurahi. Baba alisimama muda mrefu mbele ya picha moja, akaja mhudumu akatuambia tusogee, watu wanasubiri. Nyuma yetu hakukuwa na mtu. Baba alisogea bila neno, akatoka nje, akakaa kwenye ngazi mpaka nilipomfuata. Kwa hiyo safari hii nilikuwa nimejiandaa kugombana na yeyote atakayemharakisha.

Hakuna aliyemharakisha. Tulikaa muda wa saa sita.

Pahala ni pakubwa mno. Ni mabanda manne ya ndege yaliyopangwa sambamba, kila moja refu kuliko soko zima la Bukoba, na ndani mna ndege na makombora zaidi ya 350. Wao wenyewe ndio makumbusho ya ndege za kijeshi makongwe na makubwa kuliko yote duniani, yalianza 1923. Ukimpeleka mzee, omba kiti cha magurudumu mapema hata kama anatembea vizuri. Baba alikikataa saa 4, akakikubali saa 7. Na msijaribu kumaliza mabanda yote kwa siku moja. Chagueni. Ushauri wangu ni Vita Kuu ya Pili, kisha Vietnam, kisha bustani ya nje, basi. Ndege za marais ziko banda la nne, na ile iliyombeba Kennedy akiwa maiti kutoka Dallas mwaka 1963 mnaweza kupita ndani yake, lakini njia yake ni nyembamba na sisi tulipita tu kwa sababu watu wa nyumbani wangeuliza kama tumeiona.

Kitu cha kwanza kilichomsimamisha baba hakikuwa ndege. Kilikuwa kabati la kioo lenye vikombe vya fedha 80.

Nieleze historia yake kidogo. Tarehe 18 Aprili 1942, marubani na wenzao 80 wa Kimarekani, wakiongozwa na Jimmy Doolittle, waliruka na ndege 16 aina ya B-25 kutoka juu ya meli ya Hornet, wakaenda kupiga Tokyo na miji mingine ya Japani. Mafuta hayakutosha kuwafikisha kwenye viwanja walivyotakiwa kutua. Ndege 15 ziliangukia China au pwani yake, moja ikatua Urusi. Wengine walikufa, wengine walikamatwa, na watatu kati ya waliokamatwa walipigwa risasi na Wajapani. Waliobaki hai wakawa wanakutana kila mwaka. Mwaka 1959 mji wa Tucson ukawapa vikombe hivi, kimoja kwa kila mtu, hata kwa wale waliokwisha kufa. Mmoja akifa, wenzake wanakigeuza kikombe chake kichwa chini.

Sasa sogeza uso karibu na kioo. Kila kikombe kimechongwa jina mara mbili. Jina moja linasomeka kikombe kikiwa kimesimama. La pili limechongwa kinyume, ili kikishageuzwa bado jina lisomeke wima. Yaani fundi aliyechonga alijua tangu siku ya kwanza kwamba vyote vitageuzwa, akamwandalia kila mtu jina lake la baada ya kufa.

Nilimsomea baba maelezo polepole kwa Kiswahili. Alisema vinafanana na kalisi ya padri. Kisha akaanza kuhesabu vilivyogeuzwa, kwa kidole, hewani, mstari kwa mstari. Nikamwambia, baba, vyote vimegeuzwa. Wa mwisho alikuwa Richard Cole, aliyekaa kando ya Doolittle kwenye ndege ya kwanza, mzaliwa wa hapa hapa Dayton. Alifariki Aprili 2019 akiwa na miaka 103. Walipokuwa wamebaki wanne, Novemba 2013, watatu kati yao walikuja kwenye makumbusho haya haya wakafungua chupa ya konyaki ya mwaka 1896, mwaka aliozaliwa Doolittle, iliyokuwa imetunzwa kwa ajili ya wa mwisho. Waliinywa mbele ya watu, majina yote 80 yakaitwa.

"Yote?" baba akauliza.

Yote, nikamwambia. Na ya waliokufa.

Hakujibu. Lakini hakuondoka pale kwa dakika kumi nzima, na kilichonifurahisha ni kwamba mlinzi aliyekuwa jirani alitutazama, akaelewa, akasogea mbali kidogo kutuachia nafasi.

Kwenye banda la vita vya Vietnam ndiko baba alikofunguka, na sababu yake ni ndege ya adui. Ndani ya banda hilo wameweka MiG-17 na MiG-21, zile zilizopigana na Wamarekani. Jeshi la Idi Amin lilikuwa nazo zote mbili. Baba aliiona MiG-21 kwa mbali kabla yangu, akashika magurudumu ya kiti chake mwenyewe akajisukuma. Alipofika akasimama, akainama kuangalia chini ya bawa, akaizunguka mpaka kwenye bomba la nyuma, akarudi.

"Kumbe kadogo hivi?"

Ni ndogo kweli. Bawa hadi bawa haifiki mita nane, fupi kuliko lori alilokuwa akiendesha likiwa na tela. Akaniambia kwamba Oktoba 1978 alikuwa ametumwa Bukoba kuchukua vipuri, ndege za Amin zikaja kupiga mji. Alisema zilipita juu na mlio ukafuata nyuma, kama vile kitu kilichochelewa. Alijirusha mtaroni na mwanamke mmoja aliyekuwa na kapu la senene, kapu likamwagika, na yule mama akawa anaokota senene wake huku akilia. Miaka 47 nzima alikuwa ameibeba ndege ile kichwani ikiwa kubwa kama mlima. Sasa imeegeshwa mbele yake, kimya, mtoto wa miaka minne anapigwa picha nayo. Alicheka. Sijamsikia baba akicheka vile tangu mama afariki.

Hapo ndipo alipotujia mzee wa kujitolea. Makumbusho haya yana watu wengi wa kujitolea, na wengi wao ni maveterani wenyewe, wanasimama pembeni ya ndege na kuzungumza na anayetaka. Kuna siku maalumu za mazungumzo hayo, na hata siku za kawaida utawakuta. Kwangu hii ndiyo huduma kubwa ya mahali hapa, kuliko ndege zote. Kibao kinakwambia injini ina nguvu kiasi gani. Mzee aliyeifungua injini hiyo usiku, kwenye mvua, anakwambia vidole vilimuuma wapi.

Huyu wetu alikuwa fundi wa ndege Vietnam, mzungu mrefu mwenye vifaa vya kusikilizia masikioni. Aliuliza kama baba aliwahi kuwa jeshini. Nikamweleza: Tanzania, vita na Uganda, 1978 mpaka 1979, dereva. Akavua kofia. Akampa mkono, akasema lile neno wanalowaambia wanajeshi wao, la kumshukuru mtu kwa utumishi wake. Nikamtafsiria baba. Baba alimtazama yule mzee, akasema, "Mwambie pole. Pole sana."

Nikakwama. Kiingereza nimekizoea, nakitumia kazini kutwa, lakini neno "pole" lile, la askari kwa askari, sikulipata. Mwishowe nikasema: anakwambia anajua ulikuwa mzigo mzito, na anasikitika kwamba uliubeba. Yule mzee akatikisa kichwa mara kadhaa, akatoa leso.

Baada ya hapo kazi yangu ilikuwa kutafsiri tu, na nilichoka. Walizungumza matope. Walizungumza plagi, mafuta machafu, na jinsi kijana anavyolala chini ya chombo chake kwa sababu hana pengine pa kulala. Kisha mzee akatuongoza kwenye ndege nyingine, akatuonyesha maandishi madogo ubavuni. Kwenye ndege nyingi za jeshi lao, pamoja na jina la rubani, huandikwa jina la fundi mkuu wa ndege ile. Alimwambia baba kwamba rubani aliazima tu, ndege ilikuwa ya fundi. Baba alilifurahia sana hilo. Alisema lori lake halikuwahi kuandikwa jina mlangoni, ila yeye mwenyewe alikwaruza herufi mbili kwa msumari chini ya usukani. Herufi za jina la mama. Walikuwa hawajaoana.

Sikuwahi kulijua hilo. Nimelijulia Ohio, mbele ya mgeni, nikiwa mkalimani.

Kuna sehemu moja zaidi lazima niiseme, nayo ni habari ya William Pitsenbarger. Ni kijana wa Piqua, mji mdogo kaskazini ya Dayton, mwendo wa gari usiofika saa. Alikuwa mwokoaji wa jeshi la anga. Aliteremshwa kwa kamba kutoka kwenye helikopta katikati ya msitu wa Vietnam ili awafunge majeruhi wa jeshi la ardhini wavutwe juu. Mapigano yalipokolea angeweza kupanda yeye mwenyewe aondoke. Alibaki, akawatibu, akawa anawakusanyia wenzake risasi kutoka kwa waliokufa, mpaka naye akauawa. Alikuwa na miaka 21. Nishani kuu kuliko zote za nchi yao walimpa Desemba 2000, na sherehe yenyewe ilifanyika hapo hapo kwenye makumbusho, baba yake akiwepo kuipokea.

Baba aliniomba nirudie miaka. Tangu 1966 mpaka 2000. Akahesabu, 34. Kisha akauliza tarehe aliyokufa. Nikasoma: 11 Aprili 1966.

"Tarehe 11 Aprili sisi tuliingia Kampala," akasema. Mwaka 1979, kweli. Tarehe hiyo kila mtoto wa Kagera anaijua. Alisimama, akakaza mabega, akapiga saluti mbele ya picha ya yule kijana. Ilikuwa saluti ya haraka tu, kisha akarudi kitini. Wapita njia wawili walisimama mpaka alipomaliza.

Bustani ya kumbukumbu iko nje. Ni miti, mabenchi, sanamu na mamia ya vibao vya mawe vilivyowekwa na vikosi mbalimbali. Wanajeshi wa kikosi fulani wakikutana uzeeni huja hapa, wanaweka jiwe lao, wanasoma majina. Mlango wa kwenda humo hauna mbwembwe yoyote na wageni wengi hawafiki, wanaishia kwenye duka. Msiikose. Upepo ulikuwa mkali, baba akaomba blanketi la garini, tukakaa.

Akaanza kuzungumzia Kaboya. Wasomaji wa Kagera mnapafahamu, makaburi ya mashujaa wetu yako pale Muleba, zaidi ya askari 600 wamelala. Tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, kuna miaka viongozi wa taifa huja, linawekwa shada, mkuki na ngao, paredi inapita. Baba huenda. Anasema ni heshima kubwa na anaithamini. Lakini akasema pia kwamba paredi ikiisha, hakuna anayemwuliza mzee aliyekaa nyuma ya hema alikuwa wapi mwaka ule, na wajukuu wanaocheza ukutani hawajui kama yule ndiye aliyewafikisha baadhi ya waliolala mle. Kwa sababu lori lake liliporudi kutoka mbele halikurudi tupu. Hilo alilisema hivyo hivyo, akiangalia mbele, akanyamaza. Nami nikanyamaza. Ndivyo nilivyojua.

Tuna mizinga, magari na sare kwenye maghala, na tuna wazee walioviendesha, bado wana sauti. Wengi wa wale wa Kagera sasa wana miaka 70 na kitu. Kinachotakiwa kwetu ni kiti kimoja pembeni ya lori moja la zamani, na mzee mmoja kila Jumamosi. Dayton walianza na vitu vichache. Nalisema kwa uchungu na kwa matumaini pia.

Mambo machache ya mwisho kwa mnaopanga kwenda. Maelezo tuliyoyasoma yalikuwa ya Kiingereza, kwa hiyo mzee asiyekijua apelekwe na mtu mwenye subira ya kutafsiri, na huyo mtu anywe maji ya kutosha. Chakula kinapatikana ndani. Sisi tulibeba viazi na kuku, tukala garini. Vaeni viatu vya kutembelea. Watoto watapenda ndege za mwendo kasi, wacheni wazunguke na mtu mwingine ili mzee abaki na utulivu wake. Na fahamuni kwamba ndani mna pia Bockscar, ndege iliyodondosha bomu la atomiki Nagasaki tarehe 9 Agosti 1945. Inang'aa kama sahani mpya. Mbele yake baba aliuliza swali moja tu, waliokuwa chini wamehesabiwa wapi, na akaondoka bila kusubiri jibu. Kama mzee wenu ana moyo mwepesi, pitieni upande wa pili.

Njiani kurudi nilidhani amelala. Tulipokaribia Springfield akaniomba nisimame kwenye kituo cha mafuta nimtafutie kalamu. Aligeuza ramani waliyotupa makumbusho, akaandika nyuma yake majina, mkono ukitetemeka kwa sababu ya gari, moja chini ya jingine. Alipofika la kumi na nne akasimama, akaniuliza kama nalikumbuka jina la baba mdogo wake fulani aliyekuwa akija nyumbani na baiskeli ya kijani. Nilikuwa silikumbuki. Aliacha nafasi ya mstari mmoja, akaendelea.

Anaondoka mwisho wa mwezi. Jumanne kabla ya safari tunarudi Dayton, nimeshabadilishana zamu na mwenzangu. Amempigia simu dada yangu Muleba afungue sanduku la chuma, na medali inakuja na mjomba anayesafiri wiki hii. Anasema anataka kumwonyesha yule fundi.